Jina la Mchungaji Halitajwi Baharini

Mvuvi wa zamani wa visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa ya Uskoti, alikuwa na maneno ya nyumbani na maneno ya baharini. Akiwa pwani alimtaja mchungaji wa kanisa kama watu wote. Mashua ikishafika kilindini, jina hilo lilikuwa mwiko. Mchungaji aliitwa "upstander", yule anayesimama wima. Kanisa likawa "benihoose", nyumba ya sala. Paka aliitwa "voaler", mwenye kulia.

Mimi nilianza kuyasikia mambo haya kazini. Nilikuwa baharia katika meli za kuhudumia visima vya mafuta vya Bahari ya Kaskazini, na bandari yetu ilikuwa Aberdeen. Serahangi wetu alitoka katika ukoo wa wavuvi wa pwani ya kaskazini-mashariki. Jioni moja mpishi, kijana wa mjini, alipita akitangaza kwamba usiku huo tunakula samoni. Serahangi alinyoosha mkono, akagusa mlango wa chuma, akasema "cauld iron", chuma baridi, kisha akaendelea kukunja kamba zake. Kwa wavuvi wa upande ule, samoni na nguruwe hawatajwi chomboni, na mtu akiponyokwa na neno hilo, wenzake hugusa chuma. Alikuwa mtu mzima, makini, aliyeijua kazi yake barabara. Mimi, mtoto wa nahodha wa Pangani, niliona nimefika kwa watu ninaowafahamu.

Lugha yake ilikuwa Kiskoti. Wengi wetu tukisikia Uskoti tunadhani kuna Kiingereza tu, au Kigaeli cha milimani. Kiskoti ni ndugu wa Kiingereza; zote mbili zimetokana na Kiingereza cha kale, lakini Kiskoti kilikua kivyake na kilikuwa lugha ya wafalme, mahakama na washairi. Katika sensa ya 2022 watu zaidi ya milioni 1.5 walisema wanakizungumza. Mwaka 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kukipa hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kigaeli. Naona hatua hiyo ilichelewa mno, kwa kuwa vizazi vya watoto wa wavuvi walikwishaambiwa darasani kwamba wanachozungumza ni Kiingereza kibovu.

Shetland ina jambo la ziada. Visiwa hivyo vilikuwa chini ya Norwe hadi 1469, mfalme wa Denmark na Norwe alipoviweka rehani kwa ajili ya mahari ya binti yake aliyeolewa na James wa Tatu wa Uskoti. Mahari hayakulipwa na visiwa havikurudi. Watu wake walizungumza Norn, lugha ya jamii ya Kinorwe, ambayo polepole ilimezwa na Kiskoti hadi ikafa. Mwaka 1893 mtaalamu wa lugha kutoka visiwa vya Faroe, Jakob Jakobsen, alikuja Shetland akakaa hadi 1895, akitembea kijiji kwa kijiji na kuuliza wazee. Alikusanya maneno yapatayo 10,000 ya asili ya Norn. Sehemu kubwa ilihusu bahari, upepo, mashua na samaki, na mengi yalikuwa yale ya kukwepa mwiko, yaliyotamkwa kilindini tu. Watu waliyatunza kwa sababu waliogopa kufa maji. Lugha ambayo haikuwa na shule wala sheria ya kuilinda ilibaki ndani ya mashua.

Mashua yenyewe iliitwa "sixareen", ya makasia sita na watu sita. Katika makumbusho ya mashua ya Haroldswick, kisiwani Unst, nilisimama kando ya moja. Imechongoka omo na tezi, mbao zake zimepandana, na ubavu wake ni mfupi kiasi kwamba mtu mzima aliyekaa ndani angeweza kuinama akanawa mikono baharini. Kwa chombo hicho walikwenda maili 30 au 40 kutoka pwani, kila kiangazi, kutega kamba ndefu za ndoana na kuvua samaki wa kukausha. Uvuvi huo waliuita "haaf".

Walijua walipo kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, kilele cha mlima na mwamba kwa mfano, kisha nyingine mbili za upande mwingine. Alama hizo waliziita "meids". Nchi ikizama nyuma ya upeo wa macho, au ukungu ukitanda, walitegemea "moder dy", wimbi mama, mkunjo wa maji ambao wazee walisema daima huelekea nyumbani na huhisiwa chini ya miguu. Tufani ikiwakuta, mmoja alishika usukani na mwingine henza, tayari kulishusha tanga kila wimbi baya lilipokuja. Wengine walisaga maini ya samaki wakayamwaga majini ili mafuta yayatulize mawimbi.

Lakini kwa nini uende maili 40 kwa makasia? Jibu liko pwani. Wavuvi wengi walikuwa wapangaji katika ardhi ya makabaila, na ili wasifukuzwe iliwapasa kumvulia mwenye ardhi na kumuuzia samaki kwa bei aliyoipanga yeye. Gharama yake ilikuwa roho za watu. Julai 1832 tufani iliangamiza mashua 31 na watu 105. Julai 1881 zikaenda mashua 10 na watu 58, wengi wao kutoka Gloup, kisiwani Yell. Oktoba mwaka huohuo, kusini, katika mji wa Eyemouth wa Uskoti bara na jirani zake, walikufa wavuvi 189 siku moja, baadhi wakizama mbele ya macho ya wake zao waliosimama gatini. Huko nako mzigo ulitoka nchi kavu: kwa miaka mingi kabla ya hapo wavuvi wa Eyemouth walikuwa wakigombana na kanisa lililowadai zaka ya samaki.

Nikikumbuka hayo ndipo ninapousoma vizuri utenzi maarufu kuliko zote za bahari katika Kiskoti, ule wa Sir Patrick Spens, uliochapishwa kwanza 1765 ukiwa tayari mkongwe midomoni mwa watu. Mfalme anakunywa mvinyo Dunfermline, anauliza nahodha hodari ni nani, na mzee aliyeketi magotini pake anamtaja Patrick. Barua inaandikwa. Patrick anaisoma, anacheka, kisha machozi yanamlenga, kwa kuwa anajua huo si msimu wa kusafiri. Baharia wake ameona mwezi mwandamo umebeba mwezi wa zamani, dalili ya tufani. Hata hivyo wanatweka. Mabwana wakubwa waliomo wanaogopa kulowesha viatu vyao, na mwishowe kofia zao ndizo zinazoelea. Amri ilitoka kwa mtu aliyekaa kwenye kiti, na utenzi haumsamehi.

Kwa haki, si kila mtu wa nchi kavu alikuwa hivyo. Yapata 1550 kilichapishwa kitabu kiitwacho *The Complaynt of Scotland*, kinachodhaniwa kuwa cha Robert Wedderburn, kasisi wa Dundee. Katikati ya hoja za siasa, mwandishi anashuka ufukweni, anaona meli ya vita ikingoja upepo, na anasikiliza. Nahodha anaita, mabaharia wanaitikia kwa sauti ileile, nanga inang'oka, matanga yanapanda. Anakiri kwamba maneno yao mengi hayaelewi, lakini anayaandika kama alivyoyasikia, ukurasa baada ya ukurasa. Mtu wa kanisa, yule ambaye Shetland hakutajwa mashuani, ndiye aliyetuachia nyimbo za kazi za mabaharia wa karne ya 16. Nampenda kwa uvumilivu huo.

Washairi wa Shetland hawajaacha. Vagaland, aliyefariki 1973, aliandika juu ya wavuvi wa Papa Stour waliopiga makasia kuelekea magharibi hadi kisiwa cha Foula, chenye mlima wa mita 418, kikazama nyuma ya upeo. Roseanne Watt alikiita kitabu chake cha mashairi cha 2019 *Moder Dy*. Anayetaka kuyaonja maneno haya aingie katika kamusi kuu ya Kiskoti, ambayo iko wazi bure kwenye intaneti, aandike "haaf", kisha aendelee kutoka hapo.