POMPI GANI INAFAA KINGA KATIKA NJIA ZETU?

Safari hii hatuandiki habari za korali wala za mpira wa miguu. Tunaandika juu ya pompi ya kinga. Musicheke! Wengi wetu tunakuja masomo kwa kinga toka vijiji vya kando ya ziwa, na walimu vilevile. Karibu kila juma kuna mmoja anayeingia darasani somo la kwanza limekwisha, anasukuma kinga kwa mkono, viatu vimejaa vumbi. Ukimwuliza anajibu: "Mupira ulitoboka na sikuwa na pompi." Au anatoa jibu lililo baya zaidi: "Pompi niko nayo, lakini haitii upepo."

Hilo jibu la pili ndilo lililonishika, maana lilinipata mimi mwenyewe. Nilinunua sokoni pompi ya plastiki, nyekundu, yenye kung'aa kama kitu cha sikukuu. Siku ya kupanda toka Baraka kwenda Fizi, mupira wa nyuma ulitoboka katikati ya mlima. Kiraka nilikibandika vizuri. Nikaanza kupampu, na upepo wote ukanirudia mkononi. Nilifika Fizi usiku, kwa miguu. Nilikuwa kama wale mabikira watano wenye taa bila mafuta, ila mimi feza nilikuwa nimelipa!

Basi tufahamu kwanza namna pompi inavyofanya kazi. Ndani ya bomba kuna fimbo, na kwenye ncha ya fimbo kuna kipande cha ngozi kilichokunjwa kama kikombe. Ukivuta, kingo za kikombe zinalegea, upepo unapita pembeni na kuingia mbele. Ukisukuma, upepo unakibana kikombe kwenye ukuta wa bomba, hauna njia ya kurudi, unakwenda kwenye mupira. Kazi yote ni ya ile ngozi. Rangi ya inje haina kazi hata kidogo. Ngozi ikikauka au ikiraruka, unapampu hewa bure.

Jambo la pili ni upana wa bomba, na hapa ndipo fizika ya darasani inatusaidia. Nguvu ni sawa na mgandamizo mara eneo. Tuseme unataka mupira wa nyuma ubebe wewe pamoja na mzigo, yaani kilo 3 kwa kila sentimeta mraba. Bomba lenye upana wa sentimeta 2 lina eneo la sentimeta mraba 3,14. Mwishoni mkono utasukuma uzito wa kilo 9 na kidogo. Hata mtoto wa mwaka wa kwanza anaweza. Bomba la sentimeta 4 lina eneo la 12,56. Sasa ni karibu kilo 38! Kwa mkono hewani hutaweza, lazima pompi isimame chini uilalie kwa uzito wa mwili. Ndiyo maana ile pompi fupi tena nene, inayouzwa kwa maneno kwamba "inajaza mbio," inajaza mbio mwanzoni tu, kisha inagoma, na mupira ungali laini.

Lakini nyembamba nayo iko na bei yake. Bomba la sentimeta 2 lenye urefu wa 30 linabeba kama sentimeta kyubiki 94 kwa msukumo mmoja. Mupira wa kinga kubwa ya 28 unabeba lita mbili na nusu hivi. Fanyeni hesabu wenyewe: kufika ule mgandamizo wa 3 ni misukumo karibu 80, kama hakuna kinachovuja. Utatoka jasho, lakini utafika.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Anayepanda milima anunue pompi ndefu, nyembamba, ya chuma, ile inayofungwa kwenye mwili wa kinga. Ile kubwa ya kusimama ni nzuri sana, lakini ni ya kukaa nyumbani. Masomo yetu ingefaa kuwa na moja kwa wote, ikae mahali panapojulikana. Tunaomba wakubwa wetu walifikirie.

Tena angalia valvu. Kinga za Phoenix na Hero, zile nyeusi zinazobeba muhogo, mawese na ndagala, mara nyingi ziko na valvu inayoitwa kwa jina la Dunlop, yule daktari wa wanyama wa Belfast aliyetengeneza mupira wa upepo kwa ajili ya kinga ndogo ya mtoto wake. Ndani yake kuna kapira kembamba kama utumbo wa kuku. Kinga za milima zenye matairi manene mara nyingi ziko na valvu pana kama ya moto. Mpira wa pompi unaoshika moja haushiki nyingine. Peleka kinga yako sokoni, usiende na kichwa tu! Na kabla ya kulaumu pompi, tia mate juu ya valvu: povu likitokea, kosa ni la kale kapira. Bei yake ni ndogo. Weka tuwili katika mfuko.

Mbele ya kutoa feza, fanya hivi. Ziba tundu la pompi kwa kidole gumba, sukuma kwa nguvu, shikilia ukihesabu mpaka tano. Fimbo ikizama polepole, ngozi ni mbovu. Ikikataa, kisha ukiachilia ikaruka nyuma, iko nzima. Muuzaji akikukataza kujaribu, mwachie pompi yake.

Katika njia ndogo, pompi si ya kutoboka tu. Kwenye mchanga wa kando ya ziwa na kwenye matope, mupira uliopunguzwa upepo kidogo unashika vizuri. Lakini ukifika kwenye mawe nao ungali laini, ukingo wa gurudumu unaubana mupira wa ndani na kuutoboa matundu mawili kwa mara moja. Lazima uujaze tena palepale, hasa ukiwa umebeba mtu. Na huku kwetu mtu anayebebwa kwa kinga mara nyingine ni mgonjwa.

Ngozi ipake grisi kidogo kila mwezi. Mawese siyo, yanaganda na kushika vumbi. Kama kikombe ni cha mpira, siyo cha ngozi, usitie mafuta ya moto kabisa, yatauvimbisha. Ngozi ikiisha, usitupe pompi. Kata duara katika ngozi ya kiatu kikuukuu, kubwa kidogo kupita bomba, iloweke majini, ifinyange iwe kikombe, iache ikauke, ndipo uipake grisi. Unapoifunga, mdomo wa kikombe uelekee tundu la kutokea upepo. Ukiigeuza, pompi itavuta upepo tu bila kusukuma, na utarudi kwa fundi bure.