BWANA NA BIBI WATOKE PAMOJA
Matembezi ya gharama ndogo katika vilima vya Lubaga

Ndugu msomaji, jiulize swali hili kabla hujaendelea: ni lini mara ya mwisho ulipoketi na mwenzio wa ndoa kwa saa nzima, pasipo mtoto, pasipo mgeni, wala pasipo hesabu ya karo mikononi? Ikiwa jibu halikujii upesi, basi makala haya ni yako.

Katika nyumba nyingi za askari wa jeshi na polisi, bwana na bibi hukutana mlangoni. Mmoja anarejea kutoka zamu ya usiku, macho mekundu. Mwingine anatoka kwenda sokoni au kazini kwake, mtoto mgongoni. Wanayoambiana ni machache, nayo ni ya lazima tu: makaa yamekwisha, mwalimu anadai fedha, mkubwa wa kazi ameniita. Jioni hali ni ile ile. Ugomvi hakuna, na mazungumzo pia hakuna. Miaka hupita hivyo, hata wawili walioahidiana kuishi kama mume na mke wanajikuta wakiishi kama walinzi wawili wanaopokezana lindo.

Ndoa ya namna hii aghalabu haivunjiki kwa kishindo. Hulegea polepole mfano wa kamba ya hema isiyokazwa, na siku upepo unapovuma ndipo watu husema, "Ilikuwaje? Mbona walikuwa wakielewana?"

Ukiwauliza wahusika kwa nini hawatoki pamoja, jibu lao ni moja: fedha. Mshahara hauvuki mwezi, na hoteli ni za wenye nazo. Hapo ndipo penye kosa. Hoteli si sharti. Kinachotakiwa ni saa mbili au tatu, miguu miwili ya kila mmoja, na nia. Tumeichagua Lubaga, mojawapo ya tarafa tano za Jiji la Kampala, iwe mfano wetu, kwa kuwa ndani yake mna mambo mengi ya kutazama ambayo mtu huyafikia kwa miguu. Msomaji aliye kwingine na aangalie kilichopo karibu naye.

KILIMANI NA ZIWANI

Anzeni juu ya kilima cha Lubaga penyewe. Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria, lenye minara miwili, lilianza kujengwa mwaka 1914 na likawekwa wakfu mwaka 1925. Ndani yake amezikwa Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka, aliyepewa uaskofu mwaka 1939, na pia Kardinali Emmanuel Nsubuga. Mtu wa dini yoyote aingiaye kwa adabu hafukuzwi. Nje kuna hewa safi, na mji wote umetandazwa chini yenu.

Kisha teremkeni hadi Ziwa la Kabaka. Ziwa hili halikuletwa na maumbile. Lilichimbwa kwa nguvu za mikono ya watu, kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Pili, kati ya mwaka 1885 na 1888. Alikusudia kuliunganisha na ziwa kubwa la Viktoria, lakini mwaka 1888 alipinduliwa na kazi ikaishia hapo. Ziwa hili ni la kutazama, si la kuogelea. Nunueni mahindi ya kuchoma mawili, au karanga za kifuko kimoja, mtembee kandokando yake taratibu. Gharama yenu ni hiyo tu.

BARABARA YA "KABAKA ANIPENDA"

Siku nyingine nendeni Mengo, mshike barabara iitwayo Kabaka Anjagala. Kwa Kiswahili maana yake ni "Kabaka anipenda", na sidhani kama kuna jina lifaalo zaidi kwa matembezi ya wapendanao. Urefu wake ni kama maili moja, kutoka Bulange, ambamo Lukiiko ya Buganda hukutana, hadi lango la jumba la Kabaka. Kandokando mna alama za koo za Buganda. Bibi na bwana wanaweza kushindana nani atazitambua nyingi zaidi.

Katikati ya njia kuna mzunguko uitwao Nantawetwa. Watu wote huuzunguka, ila Kabaka peke yake hufunguliwa lango akapita katikati moja kwa moja. Mkifika hapo pumzikeni, mkubaliane jambo moja: katika nyumba yetu, ni neno gani tumekuwa tukilizunguka miezi yote hii bila kulipitia katikati?

WAWILI WA NAMIREMBE

Kilima cha tatu ni Namirembe. Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo lililoko sasa lilimalizika mwaka 1919, baada ya lile lililotangulia kuteketezwa na radi mwaka 1910. Lakini mimi nawapeleka kwenye makaburi.

Huko wamelala Daktari Albert Cook na mkewe Katharine. Waliwasili Kampala mwaka 1897 katika msafara mmoja, yeye daktari, bibi muuguzi. Mwaka huo huo ikaanzishwa Hospitali ya Mengo, na mwaka 1900 wakaoana. Kazi yao haikuwa na saa, kama isivyo na saa kazi ya askari: mgonjwa huja usiku kama apendavyo. Hata hivyo walishirikiana katika kazi hiyo kwa miaka mingi, na Bibi Katharine akawa mmoja wa walioanzisha mafunzo ya wakunga nchini. Alifariki mwaka 1938, na mumewe mwaka 1951. Kusimama hapo hakuna malipo. Aliye na shughuli nyingi na atafakari: shughuli si sababu ya kutengana, kama wawili wanajua wanashughulikia nini pamoja.

KASUBI, SIKU YA MSHAHARA

Mkipata nafasi mwisho wa mwezi, tembeleeni makaburi ya makabaka huko Kasubi. Nyumba kuu ilijengwa na Mutesa wa Kwanza mwaka 1882, naye akazikwa humo mwaka 1884. Wamemfuata Mwanga, Daudi Chwa na Edward Mutesa. Mwaka 2001 mahali hapa palitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Moto uliiteketeza nyumba hiyo tarehe 16 Machi 2010, ikalazimu kujengwa upya, na mwaka 2023 pakaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kuna kiingilio, basi ulizeni mapema. Bibi avae vazi refu, na wote wawe tayari kuvua viatu. Nyumba iliyoungua na kusimamishwa tena ni somo zuri kwa wenye ndoa.

PASIPO KWENDA MBALI

Siku isiyo na nafasi, nendeni sokoni Nateete pamoja, kikapu akichukue bwana. Mkirudi, nunueni rolex moja, yaani ile chapati iliyoviringishwa mayai, muigawane. Na mvua za Machi hadi Mei zikizuia kutoka, subirini watoto walale, mtie chai vikombe viwili, muketi barazani. Hayo nayo ni matembezi, ijapokuwa miguu haikwenda.

KANUNI CHACHE

Kwanza, andikeni siku hiyo kama zamu iandikwavyo. Jambo lisilo na tarehe halitendeki. Ikivunjwa na amri ya kazi, iandikwe nyingine papo hapo.

Pili, badilishaneni malezi na jirani: leo awatazamie watoto wako, wiki ijayo uwatazamie wake.

Tatu, sare ibaki nyumbani. Simu ya askari haiwezi kuzimwa, lakini yaweza kukaa mfukoni.

Nne, katika saa ya kwanza msitaje karo, kodi wala mkubwa wa kazi.

Tano, tokeni saa kumi alasiri. Jua la Kampala huchwa karibu na saa moja jioni, na heri kiza kiwakute mlangoni.

KIMYA CHA ROBO SAA

Msishangae mkikaa kimya mwanzoni. Chukua mfano wa bwana aliyempeleka mkewe ziwani kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Robo saa nzima hawakupata neno. Kisha bibi akasema, "Baba watoto, tangu mwezi wa nne nina maumivu ya kifua." Bwana akaruka, "Mama watoto! Mbona hukuniambia?" Akajibiwa kwa upole, "Ningekuambia saa ngapi?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Bibi hakuficha, wala bwana hakukataa kusikia. Ilikosekana saa tu. Kesho yake wakaenda hospitali wote wawili.

KWA WALIO MBALI

Tangu mwaka 2007 maelfu ya askari wa Uganda wamepelekwa Somalia kwa zamu, na wengine wako mipakani. Hao nao wana njia. Chagueni saa moja ya juma ambayo simu si ya kuomba wala kutuma fedha, bali ya kuzungumza. Bibi na atembee hadi mahali mnapopapenda, akueleze anachokiona. Nawe arudipo likizo msafiri, ndugu jamaa mpisheni: siku ya kwanza iwe ya watoto na wazee, lakini ya pili iachwe iwe ya wawili.

Ndugu msomaji, askari hujua kwamba bunduki isiyosafishwa hukwama siku ya haja. Ndoa nayo hutaka kusafishwa wakati wa amani. Tazama zamu zako za juma hili, utafute saa mbili zilizo wazi, kisha umwambie mwenzio usiku huu, kabla ya kulala, "Jumamosi tunatoka." Akiuliza wapi, mwambie popote, maadamu ni sisi wawili.