Mwalimu Anapolichunguza Darasa Lake

Neno utafiti linapotajwa, wengi wetu humwona mbele ya macho mgeni mwenye mkoba, aliyeshuka bandarini Malindi na karatasi zake za maswali, akazuru skuli mbili tatu, akawapiga watoto picha, kisha akaondoka. Kitabu chake hutoka baadaye huko kwao, na mwalimu aliyempa kiti na maji ya kunywa asikione. Ni nadra kumfikiria mwalimu mwenyewe, mwenye vumbi la chaki mikononi, kuwa ndiye mtafiti.

Hali ya kuwa walimu wa Unguja waliianza kazi hiyo zamani. Mwaka 1927 Idara ya Elimu ilianza kutoa jarida lililoitwa Mazungumzo ya Walimu wa Unguja, na walimu wakaandika humo kwa Kiswahili. Zilikuwa zama za ukoloni, na hapana shaka si kila lililokuwa moyoni lilipata ruhusa ya kupigwa chapa. Hata hivyo, mwalimu wa shamba alijua kwamba akiandika alilolipata, mwenziwe wa mjini atalisoma. Marehemu Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ambaye wengi humkumbuka kwa ukadhi na tafsiri yake ya Kurani, alikuwa mwalimu wa skuli kabla ya hayo. Kitabu chake cha habari za wanavyuoni wa Mashariki ya Afrika, kilichotoka mwaka 1944, hakikutungwa kwa fedha za mfadhili wa ng'ambo, bali kwa kuuliza na kuandika.

Huko Uingereza, Lawrence Stenhouse wa Chuo Kikuu cha East Anglia alichapisha mwaka 1975 kitabu juu ya mitaala, akishikilia kwamba mafundisho hayatatengenea mpaka mwalimu achunguze mwenyewe kazi yake. Wasomi waliyapokea maneno hayo kama jambo jipya.

Uchunguzi huo huwaje? Tumchukue mwalimu wa hesabu wa darasa la tano, mahali kama Ng'ambo. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa hilo. Watoto waliokuwa wakigombania kujibu mwaka uliopita, sasa wamenyamaza kimya. Je, ni hesabu iliyowashinda au ni lugha? Mkaguzi hawezi kulijibu swali hilo kwa ziara ya saa moja. Mwalimu aweza. Hutunga maswali kumi kwa Kiswahili, na mengine kumi ya uzito ule ule kwa Kiingereza, tarakimu tu zikibadilishwa. Nusu ya darasa huanza na lugha moja, nusu ya pili na nyingine, na siku ya pili hupokezana. Kisha husahihisha, akaandika katika daftari nani amekosa wapi. Akimkuta mtoto ajuaye vyema kugawa, ila hakulitambua neno la Kiingereza la kugawa, amekwisha pata mwanzo wa somo la wiki ijayo: mtoto huyo anahitaji neno, wala hahitaji kurudishwa kwenye hesabu za darasa la tatu.

Kwa maneno jambo hili ni jepesi. Lakini darasa la watoto 60 lina karatasi 120 za kusahihisha, na karatasi hizo nani atazinunua? Kwa miaka mingi skuli nyingi za mjini zilisomesha kwa mikondo miwili. Wa asubuhi hawajatoka, wa mchana wamekwisha jipanga mlangoni. Katika hali hiyo mwalimu hana hata meza ya kuwekea daftari lake. Kwa maoni yangu, msaada wa kwanza anaouhitaji ni vipindi viwili kwa wiki vya kukaa na mwenziwe wakazitazama karatasi hizo pamoja, kwani macho ya mtu mmoja hupenda kuona lile alilolitarajia. Mwalimu mkuu anayemtolea nafasi hiyo katika ratiba amemsaidia kuliko anayemletea vitabu vya nadharia.

Mahali pa kwenda hapakosekani. Vituo vya walimu viliundwa ili walimu wa skuli jirani wakutane na kutengeneza zana. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichofungua milango mwaka 2001, husomesha walimu. Mwalimu wa historia anazo Nyaraka za Taifa pale Kilimani, zilizoanzishwa mwaka 1956. Ila aliyeko Makunduchi, kusini kabisa mwa kisiwa, humaliza siku nzima na nauli ya mfukoni mwake ili asome jalada moja.

Nasi wazazi tunalo fungu letu. Mwalimu anapouliza mtoto hulala saa ngapi, au nyumbani nani humsaidia kusoma, wengi wetu hudhani tunachunguzwa umasikini wetu. Mama hujibu kwa haya, baba hujibu kwa ukali, na jibu lililoandikwa huwa si la kweli. Yafaa basi mwalimu aeleze mapema anauliza kwa nini, awafiche majina anaowaandika, na akipata jambo aje awaambie wazazi kabla ya kulipeleka kwingine. Mgeni yule mwenye mkoba aghalabu hakufanya hivyo.

Linalosikitisha zaidi ni mwisho wa daftari lenyewe. Mwalimu akihamishwa, hulichukua akaenda nalo, au hulibakisha kabatini likaliwa na mchwa, na anayempokea darasa la tano huanza swali lile lile tangu mwanzo. Kurasa nne za matokeo ya namna hii kila mwezi, zikaandikwa kwa Kiswahili na walimu wenyewe na kugaiwa katika vituo vya walimu vya Unguja na Pemba, zingetosha kwa kuanzia.