Wavu wa kunasa mawimbi

Jioni ukiweka simu karibu na redio ya mawe (betri), Ikola mkoani Katavi au popote pale, utasikia: sekunde chache kabla simu haijaita, redio inaanza kukwaruza "tikitiki, tikitiki". Tumeuzoea mlio ule mpaka hatuulizi unatoka wapi. Simu ya 2G hurusha mawimbi kwa vipande vipande, mara 217 hivi kila sekunde, na nyaya za redio huyadaka kana kwamba ni sauti.

Kwenye redio hiyo ni kero tu. Kwenye kipimo cha moyo ni jambo jingine. Umeme wa moyo ukifika kwenye ngozi ya kifua huwa umebaki kama milivolti moja, mdogo mara 1,500 kuliko wa jiwe moja la redio. Kifaa kinapaswa kuusikia mnong'ono huo katikati ya kelele za simu, taa za LED na inveta za sola. Ndiyo sababu mtu aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo huambiwa asiweke simu kwenye mfuko wa shati. Iwe walau sentimita 15 kutoka kifuani.

Kinga yenyewe ni ya kale. Michael Faraday aliionyesha mwaka 1836: kitu kikizungukwa na metali, umeme wa nje haukifikii. Metali si lazima iwe bapa zima. Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika analijua hili kwa mikono yake, kwamba jicho la wavu ndilo huamua nani apite. Wimbi la oveni ya maikrowevu lina urefu wa sentimita 12 hivi, hivyo vitundu vidogo vya wavu wa mlangoni hulizuia, lakini mwanga hupita na chakula unakiona.

Tatizo la shaba ni uzito, na hata alumini ikikunjwa mara nyingi hupasuka. Kipimo cha kubandikwa kifuani kinahitaji kinga inayojikunja pamoja na ngozi. Hapo ndipo inapoingia plastiki inayopitisha umeme, ugunduzi wa mwaka 1977 uliowapa Shirakawa, MacDiarmid na Heeger Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000.

Peke yake plastiki hiyo huwa ngumu na hukatika. Inahitaji kitu cha kuishikilia, na kitu hicho wakulima wa Katavi wanakipeleka kwenye mizani kila msimu: pamba, ambayo karibu yote ni selulosi. Maabara huzichambua nyuzi zake mpaka ziwe nyembamba zaidi ya mara elfu moja kuliko unywele. Huzitia kwenye maji, zikaonekana kama uji mwepesi, kisha huongeza kemikali iitwayo piroli pamoja na chumvi ya chuma. Uji ule mweupe hugeuka mweusi tii. Kila uzi umejivika koti la plastiki inayopitisha umeme. Ukichujwa na kukaushwa hubaki utando mwembamba kama karatasi, unaokunjika. Wimbi likiugonga, sehemu hurudishwa na sehemu humezwa ndani yake, ikawa joto dogo. Kinga ya desibeli 20 huzuia asilimia 99 ya nguvu ya wimbi. Ya desibeli 30, asilimia 99.9.

Msomaji asiuchanganye utando huu na vibandiko vinavyouzwa kama "kinga ya mionzi" ya simu. Ni kweli kwamba mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kwa ushahidi mchache. Lakini kibandiko hakikusaidii: kikiziba antena, simu huongeza nguvu ili iufikie mnara. Ukitaka kupunguza mawimbi mwilini, tumia spika au waya wa masikioni.

Utando huu nao una adui yake. Selulosi hunywa maji, na plastiki hizi hupoteza uwezo wa kupitisha umeme zikikaa muda mrefu kwenye hewa yenye unyevu. Kwa hiyo watafiti huupaka tabaka la kuzuia maji, huukunja mara maelfu, kisha huupima upya.