Dawa kwa Anayeogopa Macho ya Watu

Ujiji ni mji wa kuonana. Anayetoka kwake asubuhi kwenda sokoni hapiti penye wazee bila kuwapa shikamoo, na ikifika harusi, msiba au maulidi, asiyeonekana huulizwa. Kwa wengi hiyo ndiyo raha ya kuishi katika mji wa zamani, uliokusanya Waha, Wamanyema na watu wa kila upande wa ziwa. Lakini yumo mtu ambaye akiikaribia hadhara moyo humwenda mbio, kinywa humkauka, viganja hutoa jasho na sauti humkwama kooni. Huzungukia njia ya nyuma, kisha hulala akijihukumu kwa namna alivyoonekana. Hali hiyo ikidumu miezi sita au zaidi, ikamnyima mtu masomo, kazi au ndoa, wataalamu wa afya ya akili huihesabu kuwa ugonjwa: hofu ya kijamii. Ninashikilia kwamba dawa za hospitali zina nafasi katika ugonjwa huu, na kazi yake ni moja, kumwezesha mgonjwa kurudi mbele ya watu. Dawa inayomsaidia kujificha imemkosea, hata ikimtuliza vipi.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa watu wema. Wanasema haya ni pambo la mja, na kijana asiyejitanguliza amelelewa vizuri. Kwa nini tumpe vidonge vya kumwondolea adabu? Ningekubaliana nao kama tungekuwa tunazungumzia jambo moja. Mwenye haya huinamisha macho mbele ya mkwewe, akasema lililompeleka, na mambo yakaisha. Mgonjwa haendi kabisa, na akilazimika kwenda huteseka siku nyingi kabla na baada. Ugonjwa huu huanza mapema, kwa kawaida karibu na umri wa miaka 13, yaani ukingoni mwa shule ya msingi. Mtoto analijua jibu lakini hanyooshi mkono, na mwalimu anaandika kwamba ni mtulivu na ana nidhamu. Akiwa msichana husifiwa zaidi. Sifa hizo humfunika mgonjwa miaka kumi na zaidi, na hakuna anayeuliza kwa nini aliacha kidato cha pili. Tafiti 28 za jamii zilizoratibiwa na Shirika la Afya Duniani, zilizochapishwa pamoja mwaka 2017, zilikuta watu wapatao 4 katika kila 100 wamewahi kuwa na hofu hii maishani. Barani Afrika idadi ilikuwa ndogo kuliko nchi tajiri. Sishangai, kwa sababu anayeogopa kutazamwa ndiye wa mwisho kumfungulia moyo mgeni mwenye dodoso.

Wengine husema ugonjwa huu umetungwa na wauza dawa. Wana sehemu ya ukweli. Dawa ya paroksetini ilipoidhinishwa Marekani kwa hofu ya kijamii mwaka 1999, ilitangazwa kwa nguvu kiasi kwamba hata upole wa kawaida ulianza kuonekana kama kasoro. Hata hivyo madaktari wa London, Isaac Marks na Michael Gelder, walikwisha kuitenga hofu hii na hofu nyingine mwaka 1966, na mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliiorodhesha mwaka 1980, wakati dawa hiyo haijaingia sokoni. Tangazo lililozidisha chumvi halifuti mateso yaliyokuwapo kabla yake. Linatudai tu tusimwandikie kidonge kila mpole.

Paroksetini ni ya kundi la dawa zinazozuia serotonini isifyonzwe haraka na seli za ubongo. Zimo pia setralini, esitalopramu na fluoksetini. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1998, asilimia 55 ya waliotumia paroksetini walipata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 24 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Takwimu hizo zisomwe zote. Dawa iliwasaidia wengi zaidi, iliwaacha karibu nusu bila nafuu ya kutosha, na karibu robo walipata nafuu bila dawa yoyote, labda kwa kuwa kwa mara ya kwanza mtu alikaa akawasikiliza. Nafuu yenyewe haiji leo wala kesho. Huchukua wiki nne hadi kumi na mbili. Siku za mwanzo mtu anaweza kupata kichefuchefu, kukosa usingizi, hata wasiwasi kuongezeka, na hapo ndipo wengi huvitupa vidonge. Baadaye huenda hamu ya tendo la ndoa ikapungua, jambo ambalo mgonjwa anapaswa kuambiwa mapema asije akalificha kwa aibu. Kwa walio chini ya miaka 25 pana onyo la ziada: wiki za mwanzo waangaliwe kwa karibu, kwa sababu baadhi yao hupata mawazo ya kujiua.

Katika kundi hilo, fluoksetini ndiyo Shirika la Afya Duniani liliyoiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2007, na ni rahisi kupatikana kuliko ndugu zake. Kwa bahati mbaya, ushahidi wake kwa hofu ya kijamii unagongana. Jaribio moja la mwaka 2004 liliiona inasaidia; lingine la Uingereza la mwaka 2003 liliikuta imeachwa mbali na tiba ya mazungumzo. Pamoja na hayo ninaiona kuwa chaguo la kuheshimiwa kwa mkoa kama Kigoma, kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu. Dawa ikikatika kituoni kwa siku chache, mgonjwa wa fluoksetini hatikisiki sana, ilhali wa paroksetini anaweza kupata kizunguzungu na hasira za ghafla.

Lakini anayejitibu mwenyewe hafiki kwenye fluoksetini. Hufika kwenye pombe kwanza, au kwenye diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium. Mtetezi wa dawa za aina hii ana hoja nzito: zinafanya kazi, tena ndani ya saa moja. Jaribio la mwaka 1993 lilionyesha kwamba klonazepamu, ndugu wa diazepamu, iliwapa nafuu asilimia 78 ya wagonjwa wa hofu ya kijamii, dhidi ya asilimia 20 ya waliopewa kidonge kitupu. Siyakatai matokeo hayo. Ila mwili huizoea dawa hii ndani ya wiki chache, kipimo hupanda, na anayeiacha ghafla hurudiwa na hofu kali kuliko ya mwanzo, pengine na degedege. Tena aliyeingia harusini akiwa amelewa dawa hajajifunza kwamba angeweza kuingia bila hiyo. Kwenye ziwa letu kuna hatari nyingine isiyosemwa vya kutosha. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mvuvi aliyechanganya diazepamu na pombe anaweza kusinzia mtumbwini, na pumzi yake ikadhoofika. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakataa dawa za kundi hili kuwa tiba ya kawaida ya magonjwa makuu ya wasiwasi, na kuziachia dharura ya siku chache tu.

Propranololi ni habari fupi. Hupunguza mapigo ya moyo na mtetemeko, hivyo inaweza kumfaa mtu mwenye hotuba moja au usaili mmoja. Lakini katika jaribio la mwaka 1992, atenololi, dawa ya jamii yake, haikuishinda kwa maana yoyote kidonge kitupu katika hofu inayomwandama mtu kila siku. Mwenye pumu asiiguse propranololi.

Linabaki pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote: tiba ya mazungumzo inaipita dawa. Ni kweli. Uchambuzi wa majaribio 101, uliotoka mwaka 2014, uliiweka juu ile tiba ambayo mgonjwa na mtaalamu wake hupima imani za hofu kwa vitendo, hatua kwa hatua. Nafuu yake pia hudumu zaidi baada ya matibabu kwisha. Lakini hospitali ya Mirembe iko Dodoma, mwendo mrefu wa treni kutoka hapa, na wataalamu wa tiba hiyo ni haba nchini kote. Kumwambia mkazi wa Ujiji asubiri bora ni kumwambia asubiri maisha yake yote. Njia ya kati ipo. Huko Harare, bibi wa mtaani waliofunzwa kuzungumza na wagonjwa kwenye benchi waliwapunguzia watu sonona na wasiwasi, na jaribio la mwaka 2016 lilithibitisha hilo. Wahudumu wetu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kufunzwa vivyo hivyo: daktari aandike dawa, mhudumu amsindikize mgonjwa katika mazoezi ya kukutana na watu, akianza na duka la jirani kabla ya ukumbi wa harusi. Anayesomewa dua aendelee nayo. Mara nyingi sheikh au mchungaji ndiye wa kwanza kuambiwa siri hii, na anaweza kuwa wa kwanza kumwelekeza mtu hospitali.

Atakayepata nafuu aendelee na dawa angalau miezi sita, kisha aipunguze polepole pamoja na daktari. Ramadhani si sababu ya kuiacha, kwani kidonge cha mara moja kwa siku kinaweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku.