Mkono wa Breki Umepinda: Uunyooshe au Ununue Mpya?

Likizo ikifika wengi wenu mnarudi nyumbani, Rungwe, Mbarali, Mufindi au Kilolo, na siku hizi nyumba nyingi zina pikipiki. Ni ya baba, au kaka anapiga bodaboda na jioni anapeleka hesabu kwa mwenye chombo. Mvua za huku zikianza, Novemba au Desemba, barabara za udongo zinateleza kama sabuni. Pikipiki inalala upande. Wakati mwingine imeegeshwa tu, stendi inazama kwenye matope, puu! Ukiinyanyua unakuta ule mkono wa breki au wa klachi, unaoubana kwa vidole, umepinda.

Hapo utasikia, "Dogo, lete nyundo." Subiri kwanza, tuongee.

Hili linahusu nini afya?

Linahusu sana. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Umri wako umo humo. Na ukifunga breki, uzito wote unasukumwa mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi. Sasa fikiria kaka anateremka kutoka Iringa mjini kwenda Ipogolo, au ule mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi. Ana abiria nyuma. Anabana breki, na mkono unakatikia kiganjani.

Kwa nini unakatika?

Kwa sababu kwenye pikipiki nyingi mkono huo si chuma. Ni aluminiamu iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyu ni samaki mkavu. Chukua kipande cha waya, kipinde na kukinyoosha mara kadhaa mahali pale pale. Kitakatika. Kila unaponyoosha, unaudhoofisha. Ufa mdogo unaanza, macho hayauoni, halafu siku ya siku unamalizikia barabarani.

Wanasema... lakini ukweli ni huu

"Upashe moto mpaka uwe mwekundu." La! Aluminiamu haiwi nyekundu kama chuma. Ile safi inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na iliyochanganywa huyeyuka mapema zaidi. Ukingoja wekundu, utaukuta umemwagika. Na hata usipoyeyuka, moto wa kubahatisha unauharibu.

"Chomeka bomba, uvute ukiwa hapo hapo kwenye usukani." Utavunja na kishikio chake, na hasara itakuwa mara mbili.

"Kata tu hiyo ncha iliyopinda." Ile ncha ya mviringo ipo kwa sababu. Ukianguka, ncha kali inachoma tumbo au paja kama kisu.

Usinyooshe kabisa kama:
- umepinda karibu na tundu la bolti;
- umepinda kama ndoana, au una ufa;
- uliwahi kunyooshwa kabla.

Hapo dawa ni moja: nunua mwingine. Ni kati ya spea za bei ndogo kwenye pikipiki.

Kama umepinda kidogo, katikati au kwenye ncha

1. Ufungue, uutoe kwenye pikipiki. Kama ni breki ya diski, usifungue kikopo cha mafuta ya breki.

2. Uoshe kwa sabuni, uukaushe. Paka mafuta ya taa, ngoja dakika chache, futa mpaka ukauke. Kisha nyunyizia unga wa chaki. Ndiyo, chaki ya darasani! Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Ukiona mstari, tupa. Kazi hii ifanyie mbali na moto.

3. Ubane kwenye jiliwa, au vaisi kama mafundi wengi wanavyoiita, ukiwa umeuzungushia kitambaa au vipande vya mbao. Huna? Nenda kwa fundi mwenye nayo.

4. Vuta polepole. Nyundo weka pembeni. Usitafute unyoofu wa rula. Vidole vikiufikia na kuubana vizuri, acha. Kupinda kidogo hakuna aibu.

5. Rudia mtihani wa chaki. Kisha ufunge, ubane kwa nguvu mara nyingi pikipiki ikiwa imesimama. Lazima urudi wenyewe ukiuachia, na taa ya breki iwake na kuzima. Jaribu kwanza mahali tambarare, bila abiria.

Hata ukifaulu, huo ni mkono wa kumfikisha kaka dukani. Anunue mpya mapema. Na kishikio cha usukani kikazwe cha kutosha tu kisicheze, ili pikipiki ikianguka kiweze kuzunguka badala ya mkono kupinda.

Na wewe abiria je?

Kabla ya kupanda bodaboda pale Mwanjelwa au Ipogolo, tupia jicho mikono yote miwili. Umekatika? Umefungwa kwa mpira? Sema, "Samahani kaka, nitapanda nyingine." Huo si woga wala dharau. Vaa helmeti, na ufunge mkanda wake. Uchambuzi wa tafiti 61 uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi.

Tunajua kaka hawezi kulaza pikipiki siku nzima, maana hesabu haingoji. Lakini saa moja ya kwenda dukani si sawa na miezi ya kulala wodini na mguu uliofungwa plasta, na hesabu haipelekwi.

Jadilini klabuni

- Spea inunuliwe na nani, dereva au mwenye chombo?
- Utamwambiaje mtu mzima kwamba breki yake si salama, bila kumvunjia heshima?