Chuma cha Babu Kisiuzwe kwa Kilo

Wiki hii nawaomba wenye babu waliopigana Burma mwaka 1944 na kikosi cha KAR: msiwauzie wa vyuma chakavu kijisululu chake kabla ya kukitazama. Cha Waingereza kina kichwa chenye ncha upande mmoja na ubapa mpana upande wa pili, na mpini mfupi unaochomoka. Sugua kutu taratibu kwa brashi. Ukiona mshale wa mistari mitatu, hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza; mara nyingi na mwaka umegongwa hapo. Beleshi la kukunja lenye herufi U.S. ni la Wamarekani. Msasa usitumie. Nionavyo mimi, anayefuta alama hiyo amefuta ushahidi wa babu.